Sura ya Saba: Fukusi Akitembea

Fukusi wa tatu alipompanda Meja Wagih kwenye mkono wa shati, alimkung'uta haraka kama mtu aliyerukiwa na cheche, kisha akatazama pembeni kuona nani amemwona. Wote walikuwa wamemwona. Haji Mitwalli, mwenye ghala, alicheka mpaka tumbo likatikisika ndani ya kanzu.

"Basha," alimwita kwa heshima wanayopewa maafisa wa Misri, "huyo hang'ati! Anataka ngano yangu tu, wewe hakutaki."

Wagih hakucheka. Alikuwa anaogopa, na heri tuliseme mapema tusipotezeane muda. Aliogopa ule mlango wa chuma uliokuwa hatua kumi mbele yake. Aliogopa zaidi saa ya mkononi, maana ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na adhuhuri gari la magereza lingemchukua Itidal kutoka mahabusu ya kituo, limpeleke gereza la mkoa kwa shitaka la kumwua mumewe kwa sumu. Mwanamke wa shitaka hilo akishapita lango lile, kutoka kwake ni majaliwa. Kamba ipo, na majaji wa mkoa hawaionei haya. Karatasi ya kumshika alikuwa ameitia sahihi yeye mwenyewe, Wagih, bila mkono kutetemeka.

Kesi ilikuwa nyepesi mno, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Marehemu Bayumi alikuwa mlinzi wa ghala hili. Jumapili aligombana na mkewe darini, mtaa mzima ukisikiliza: Bayumi anataka mke wa pili, Itidal anamwomba Mungu amchukue. Jumanne Mungu akamchukua. Daktari wa hospitali aliinama juu ya maiti, akanusa, akaandika: sumu ya vidonge vya nafaka, vile vinavyotoa gesi ya kuulia wadudu wa ghalani. Sampuli zikapelekwa Cairo, na majibu ya Cairo huja yakitaka. Darini kwa Itidal, Wagih akakuta kopo tupu la vidonge vile vile, limejazwa udongo na kupandwa mrehani. Mume, ugomvi, kopo. Nani angetaka zaidi?

"Aliletwa na bajaji ya Haji, basha, anatapika," Itidal alisema siku ile, meno yakimgongana kwa hofu. "Alitoka kazini."

"Jumanne Bayumi hakuja kazini," alisema Haji. Wapagazi wakaitikia hakuja, hakuja, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitazama vidole vya miguu yake.

Leo asubuhi, siku ya tisa, Wagih alilichukua lile kopo alibandike namba ya kielelezo. Akalipindua. Chini yake palikuwa na tarehe ya kutengenezwa: Februari ya mwaka huu. Halafu likamjia jambo ambalo mama yake mwenyewe angemwambia bure kabisa. Wake wa mji huu wa Mit Shaheen hununua vidonge hivyo kimoja kimoja, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kopo la kilo nzima ni la mwenye ghala. Alikuwa amekaa nalo siku tisa mezani pake, akilisogeza kila akitaka kuweka glasi ya chai.

Ndiyo maana sasa alikuwa uani kwa Haji, pamoja na Daktari Insaf wa kituo cha utafiti wa wadudu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa amekaa juu ya kreti akipanga vyupa viwili kama anayeandaa meza ya kiamshakinywa.

"Kopo?" Haji alirudia alipoulizwa. "Marehemu alikuwa mwokotaji, Mungu amrehemu. Ameliokota anakokujua. Mimi sijaweka kidonge ghalani tangu mwaka jana, na leseni ya kufukiza nimeirudisha serikalini. Tena, basha, kwa nini tubishane? Macho si unayo! Tazama chini ya mlango."

Wagih alitazama. Fukusi walikuwa wanatoka kwenye upenyo wa chini, weusi, wadogo, hawana haraka, wakielekea juani.

"Kungekuwa na gesi humo ndani, hawa wangekuwa wanatembea?" Haji aliuliza.

Hoja hiyo ilikuwa ukuta. Kama hapakuwa na gesi ghalani, basi Bayumi alikula sumu nyumbani, na kama aliila nyumbani, Itidal ameshakwisha.

"Basha, sikiliza ya wazee," alidakia nyapara wa wapagazi. Huyu ni Gaballah, mzee mkavu, mgongo umepinda kwa miaka arobaini ya magunia, mwaminifu mpaka anaudhi. Jumanne ile hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumzika dada yake Damanhur. "Sisi tuna kanuni yetu. Ghala likishafukizwa, hatuingii mpaka tumwone fukusi. Fukusi akitembea, mtu naye atembee. Baba yangu aliingia hivyo, mimi nimeingia hivyo. Mashine za serikali huharibika. Fukusi haharibiki."

"Bayumi naye aliijua hiyo kanuni?" Wagih aliuliza.

"Nilimfundisha mimi mwenyewe."

Daktari Insaf aliinua uso kutoka kwenye vyupa vyake. Alimtazama yule mzee, halafu akamtazama Wagih, na Wagih akaona kitu ambacho hakukipenda: daktari naye alikuwa ameogopa.

"Meja," alisema taratibu, "naomba kila mtu ahamie huku, upepo unakotokea. Ndiyo, na wewe Haji. Hapo uliposimama sipapendi."

"Mimi nimesimama kwangu," Haji alijibu. Hata hivyo alihama, tena kwa kasi kuliko ungetarajia kwa mwili ule. Wagih aliliweka hilo akilini.

"Mashine ya kupimia gesi unayo, daktari?"

"Iko Cairo inatengenezwa tangu Ramadhani. Zimamoto wana barakoa, wamesema watafika alasiri."

"Alasiri ni kesho kwangu. Nina mpaka adhuhuri."

"Basi tutawauliza hawa." Alionyesha vyupa. "Chupa hii ina fukusi wa maabara. Ukoo huu nimeulea miaka kumi na tano, hawajawahi kunusa gesi, wao wala babu zao."

"Allah! Serikali haina kazi, inafuga fukusi," Haji alisema. "Na mahari yao analipa nani?"

Mpagazi mmoja alicheka puani akanyamaza upesi. Insaf hakumjali. Aliwaokota fukusi ishirini kutoka chini ya mlango kwa brashi ndogo, huku amebana pumzi na kugeuza uso pembeni, akawatia kwenye chupa ya pili. Kisha akafungua sanduku la chuma, akavuta gesi ile ile ya vidonge kutoka kwenye mtungi mdogo kwa bomba la sindano, na kuipenyeza katika vyupa vyote viwili kwenye vizibo vya mpira. Kipimo kilikuwa kimoja, sawasawa. Wagih alirudi nyuma hatua moja bila kujua. Halafu ya pili.

"Tazameni saa," daktari alisema.

Dakika ya kwanza hapakuwa na kitu. Dakika ya tatu, fukusi wa maabara walianza kuyumba. Kufikia ya sita wote ishirini walikuwa chali, miguu ikichezacheza hewani, kisha hata hiyo ikatulia. Katika chupa ya pili, fukusi wa Haji Mitwalli walikuwa wanatembea.

Dakika ya kumi walikuwa wanatembea. Ya kumi na tano, mmoja alipanda juu ya kizibo akashuka, kama mwenye nyumba anayekagua paa lake. Jua lilikuwa kali la Bauna, mwezi wa kiangazi katika kalenda ya wakulima, na Wagih alikuwa anasikia baridi shingoni.

"Gesi ile ile?" aliuliza.

"Ile ile. Hawa ni sugu. Sijawahi kuona sugu kama hawa mkoa huu."

"Na kiasi hicho, mtu angekivumilia?"

Insaf alivua miwani. "Meja, hao waliokaa chini ya mlango wanaweza kutembea ndani ya hewa ambayo mimi na wewe tungeshaanguka humo. Kanuni ya ami Gaballah ilikuwa kweli zamani, gesi ilipokuwa inamwua fukusi kabla ya mtu. Sasa imegeuka. Fukusi akitembea, humjui mtu atakuwaje."

Gaballah alitabasamu kwa huruma, kama babu anavyomsikiliza mjukuu aliyetoka shule. "Haya maneno ya kwenye vyupa, binti yangu."

Wagih alimgeukia Haji. Mdomo ulikuwa umekauka, lakini maswali ndiyo kazi yake, akaikamata kazi kama mtu anavyokamata nguzo.

"Haji, turubai lako la kufunikia magunia lina umri gani?"

"Lilikuwa la marehemu baba."

"Lina matundu?"

"Kila kitu kina matundu, basha, hata sheria."

"Ulipokuwa unafukiza, mwaka jana, ulikuwa unafunga siku ngapi?"

"Mbili. Tatu kukiwa na baridi. Malori hayamngoji mtu."

"Inatakiwa saba mpaka kumi," Insaf alisema, "na turubai lisilovuja, na pembe zimebanwa kwa mchanga. Ukifanya siku mbili chini ya kitambaa chenye matundu, wanakufa walio dhaifu tu. Wenye nguvu wanabaki, wanaoana. Mwaka unaofuata unaongeza vidonge, wanakufa dhaifu, wenye nguvu wanabaki. Miaka yote hiyo, Haji, ulikuwa unawachagulia fukusi wazazi."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Wagih alisema.

"Mimi nimejenga msikiti," Haji alifoka. "Nani kwenye mji huu hakula mkate wangu? Fukusi wangu ni sugu, sawa, nimekubali, nifungeni kwa usugu wa fukusi! Hilo linamhusuje yule mwanamke? Alimwua mumewe. Mimi sijaweka kidonge!"

Hapo alikuwa na haki, na Wagih alijua. Chupa ilikuwa imeuvunja ule ukuta, lakini haikuwa imejenga kitu mahali pake. Fukusi hai hawakuthibitisha tena kwamba hapakuwa na gesi. Hawakuthibitisha pia kwamba ilikuwepo. Saa ilikuwa tano na dakika ishirini.

Akaanza kutembea, macho chini, kando ya ukuta wa upande unakotokea upepo. Alitafuta ule unga wa kijivu ambayo vidonge huacha vikiisha. Uani palikuwa pamefagiwa, na kufagiliwa tena, mpaka ardhi ilikuwa na michirizi ya ufagio. Nani hufagia namna hiyo ua wa ghala, katikati ya msimu? Akainua macho. Pande zote mbili za mlango zilitundikwa mikufu ya vitunguu saumu, mirefu, minene, kama kwenye duka la viungo.

"Haji, tangu lini unauza vitunguu saumu?"

"Vya nyumbani. Mke wangu anavikausha."

"Nyumba yako iko ng'ambo ya mfereji, ina dari mbili. Anavikaushia hapa, mlangoni mwa ngano?"

Insaf aliinuka kwenye kreti. "Gesi hii, meja, mtu akiinusa husema kitu kimoja tu. Inanuka kitunguu saumu."

Haji alifuta uso kwa shali. Jasho halikuwa la jua. Wapagazi walianza kusogea mbali na mlango mmoja mmoja, kimyakimya, na Wagih akaona kwamba wote walikuwa wanajua. Wote isipokuwa mmoja.

"Astaghfirullah!" Gaballah alipaza sauti. Alikuwa amekasirika, masikini, mpaka kidevu kinamtikisika. "Basha, huyu mtu nimekula chumvi yake miaka arobaini. Alimzika mwanangu, alinipeleka Makka. Leo mnamsimamisha kwenye ua wake mwenyewe kwa sababu ya vitunguu! Fukusi wanatembea. Nimeona kwa macho yangu. Mkitaka kujua kama kuna gesi, mtajulia kwangu mimi."

Akautoa ufunguo wake kifuani.

"Ami Gaballah, usifanye hivyo," Insaf alisema.

"Mzee, simama!" Wagih alipiga kelele.

Lakini mpagazi ni mpagazi. Mgongo umepinda, miguu ya chuma. Alifika mlangoni kabla Wagih hajamaliza neno, akazungusha ufunguo, akavuta. Matambara yaliyokuwa yameshindiliwa ubavuni mwa mlango yalianguka chini. Giza la ndani lilionekana, na turubai la buluu, na fukusi kwenye kizingiti wakipitana kama watu wa sokoni. Gaballah alimwokota mmoja, akamweka kiganjani, akawageuzia watu amwonyeshe.

Wagih alikimbia kuelekea kwake, na miguu ikamgomea. Hatua tano kutoka mlangoni ilisimama yenyewe. Alijiamuru, ikakataa. Alikuwa amebana pumzi, masikio yanavuma, na katika maisha yake yote ya upelelezi hakuwahi kujichukia namna hiyo. Gaballah aligeuka, akainua mguu juu ya kizingiti.

"Gaballah! Rudi! Nimeweka juzi!"

Ilikuwa sauti ya Haji Mitwalli, imepasuka kama mtungi.

Mguu wa mzee ulibaki hewani. Kisha ukarudi chini, upande wa nje. Insaf alikuwa ameshafika, shali usoni, akamshika kanzu akamburuta mpaka kwenye upepo, na miguu ya Wagih ikakubali hatimaye, akaufunga mlango kwa bega na kutoroka akikohoa, ingawa hakuwa amevuta hata pumzi moja.

"Umeweka nini juzi, Haji?" Gaballah aliuliza. Fukusi alikuwa bado anatembea kiganjani mwake.

Haji alikaa chini, vumbini, na kanzu yake nyeupe. "Wanunuzi waliikataa ngano. Imejaa wadudu, walisema. Nikaweka mara tatu ya kawaida. Hawakufa. Nikaweka tena."

"Na ile Jumatatu, kabla ya Bayumi?" Wagih alikuwa amekwisha kutoa daftari.

"Nayo pia. Jumanne asubuhi Bayumi akaja kuniuliza, Haji, niingie? Nikamwuliza, fukusi wanatembea? Akasema wanatembea. Nikamwambia, ingia." Alimtazama Gaballah, si meja. "Wallahi sikujua. Gaballah, nakuapia kwa ile Kaaba tuliyoizunguka pamoja, sikujua. Nilijua alipotoka akitambaa. Nikampakia kwenye bajaji mwenyewe."

"Nakusadiki," Gaballah alisema. "Ningekuwepo, ningemwambia hivyo hivyo. Damu ya Bayumi tutaigawana mimi na wewe."

Haji alianza kulia. Alinyoosha mkono amshike mzee upindo wa kanzu, lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Na Itidal, Haji? Siku tisa yuko ndani, na mji mzima unamwita mwuaji. Mimi mwenyewe nilimtemea mate mlangoni kwake. Huyo naye hukujua?"

Haji alifungua mdomo. Wapagazi walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao, na hakuna aliyemsaidia. Akaufunga.

Wagih alipiga simu kituoni.

"Gari la magereza?"

"Liko langoni, basha," sajini alijibu. "Ndiyo wanampandisha."

"Mshushe."

"Basha, karatasi ina sahihi yako."

"Naijua ni sahihi ya nani. Mshushe, mpe maji, mpe kiti. Pingu mtoe."

Kwenye simu, nyuma ya sajini, Wagih alisikia mwanamke anauliza kitu, anauliza tena, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kujibiwa.

"Anataka kujua kumetokea nini," sajini alisema. "Nimwambieje?"

Wagih alitafuta neno. Aliyoyapata yote yalikuwa ya kiofisi.

"Usimwambie kitu," alisema. "Nakuja kumwambia mwenyewe."